Rika la Karatasi Tupu

Mke wangu Kathure alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha makadamia, chini kidogo ya mji wa Meru, halafu akaambiwa yeye ni mfanyakazi mpya. Asipopita mtihani wa wapya, nafasi yake inaenda. Nitaeleza ilivyokuwa. Sina maneno mengi. Yeye ndiye alikuwa nayo.

Alizaliwa Muthara. Shule aliiona kwa mbali, ilikuwa na mabati mazuri. Mimi pia sikusoma, lakini uzeeni kanisa letu lilileta ngumbaru, masomo ya watu wazima, nikajifunza kusoma na kuandika kiasi hiki unachoona. Nilimwambia twende wote. Akasema macho yake yana kazi tayari.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Magunia ya makadamia yakiingia, yanamwagwa mezani. Unachukua kokwa moja na ganda lake. Unaipima kwa kiganja. Unaitikisa mara moja karibu na sikio. Iliyokauka vizuri inagonga ndani. Ya maji inanyamaza. Nyepesi ni changa, au tupu. Nzuri zinatupwa huku, mbaya huku. Kathure alifanya hivyo kutwa nzima akiwa juu ya kigoda nilichomchongea kwa mti wa mukima, na mdomo wake ukiendelea na mambo mengine. Kampuni ilinunua mashine ya kufanya kazi hiyo, kutoka ng'ambo. Iko stoo hadi leo. Haijachoka.

Mimi nilikuwa kwenye geti. Ndiyo kazi ya mtu asiyesoma: kuamua nani aingie.

Kitu kingine Kathure alichofanya, na hakulipwa, ni kupokea wapya. Alikuja na ucuru, ule uji wa wimbi uliochacha, kwenye mtungi wa plastiki. Mtu mpya hakuulizwa jina mpaka anywe kikombe kimoja amalize. Baadaye anakaa kando yake siku nzima. Jioni anapewa rika. Wanaume wa Kimeru tuna rika zetu tangu zamani. Kathure alisema hajaona mahali palipoandikwa kwamba wanawake wa makadamia wasiwe na zao. Kwa hivyo walioingia wiki moja walikuwa rika moja, na aliwapa jina. Kulikuwa na Rika la Stima, walioingia wiki stima ilipopotea. Kulikuwa na Rika la Nzige na Rika la Barakoa. Yeye mwenyewe alikuwa Rika la Mabati, walioingia paa likiezekwa, na wenzake wote walikuwa wameshaondoka. Sheria ilikuwa ndogo. Wa rika lako unamwambia ukweli. Mkubwa anamwambia mdogo. Asiye na rika haambiwi kitu, anaambiwa "ndiyo".

Ndipo kiwanda kikanunuliwa na watu wengine, na Susan akaja.

Susan alikuwa afisa wa wafanyakazi. Mama mzuri, msafi, wa Embu. Kila Ijumaa alirudi kwake Dallas, mtaa wa pale Embu, na kila Jumatatu alirudi kwetu na neno jipya. Jumatatu moja neno lilikuwa onibodingi.

"Ni nini hiyo, madam?" nikamuuliza.

"Ni kumpokea mfanyakazi mpya, mzee. Kumwonyesha kazi, kumfanya ajisikie nyumbani."

"Na tulikuwa tukiwafanyia nini miaka hii yote?"

"Bila mpangilio," akasema.

Nilikuwa sijui kuna mpangilio.

Wa kwanza kupokewa kwa mpangilio alikuwa mtaalamu kutoka nchi za nje, wa kusimamia ubora. Angefika Jumanne. Kiwanda kikashikwa na homa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Choo kimoja kikawekewa kiti kipya na kufuli, na ufunguo akakaa nao Susan, ili sisi tusikizoee. Kitambaa kikubwa kikaandikwa KARIBU. Keki ikaagizwa. Mimi nikanunuliwa kofia.

"Mzee Gikunda," Susan akaniambia, "huyu ni mgeni wa kimataifa. Gari lake lisisimame kwenye geti hata dakika moja."

Nikasema nimesikia. Hakuna aliyesema atakuwa mzungu. Hakuna aliyehitaji kusema.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaja kijana kwa miguu. Mweusi kunishinda. Begi dogo, viatu vina matope ya soko la Gakoromone. Akanisalimia kwa Kiingereza. Sikushtuka, watoto wote wa siku hizi wanasalimia kwa Kiingereza, hata wa kwangu.

"Umekuja kazi?"

"Kazi," akasema, anacheka. "Kazi, kazi."

Akaandika jina kwenye kitabu: Limbani. Nikafikiri ni wa upande wa Tharaka. Nikampa aproni namba arobaini na sita, nikamwonyesha foleni ya vibarua. Aliipokea kwa mikono miwili, akagonga viganja taratibu, kama mtu anayeshukuru mkwe. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Kisha nikaendelea kulinda barabara, nikingoja gari la kesho.

Mtaalamu wa kimataifa akabeba magunia mpaka saa sita.

Ukiniuliza kwa nini hakusema, alisema baadaye. Barua yake ya kazi iliandika kwamba atapokewa na kupitishwa katika kila kitengo tangu saa ya kwanza. Yeye akafika siku moja mapema, akalala lojing'i sokoni, hakutaka kusumbua mtu. Alipopewa gunia, akaona kampuni hii haina mchezo.

Saa sita mezani palipungua mtu, akapelekwa kwa Kathure. Ucuru ukamiminwa. Alikunywa, akakunja uso, akamaliza. Kando yao alikuwa Kinya, msichana wa fomu foo, wa Rika la Barakoa. Kinya ndiye alitafsiri; alimwita Kathure cucu, yaani nyanya, na mimi guka, babu.

"Cucu, anasema ametoka Malawi."

"Malawi ni upande gani wa Maua?" Kathure akauliza.

"Aki cucu! Ni mbali. Ni nchi."

"Basi amechoka. Mwongezee."

Meza nzima ikasikia ametoka nchi ya nje. Hakuna aliyeshtuka. Mgeni wa nje alikuwa anakuja kesho, na gari.

Kathure akamtia kokwa kiganjani, akaifunga mikono ya kijana ndani ya yake, akaitikisa sikioni pake. Akikosea, alichapwa kidole. Kinya anasema alichapwa sana. Kufika saa kumi alikuwa anapata saba kwa kumi, na alikuwa ameambiwa mambo ambayo wakubwa wote watatu waliomtangulia hawakuwahi kuambiwa. Mizani gani inadanganya. Mkulima gani anaficha changa chini ya gunia. Kwamba sanduku la maoni la Susan halina ufunguo. Kwamba wanawake wa meza hii wakikujibu "ndiyo" haraka, maana yake hapana.

"Rika lake?" Kinya akauliza.

"Ameingia peke yake," Kathure akasema. "Rika ni watu. Angoje mwenzake."

Jumanne tukapangwa kwa mstari saa mbili. Kitambaa juu, keki mezani, mimi na kofia. Saa tatu. Saa nne. Dereva aliyetumwa uwanja wa ndege akapiga simu kwamba ameshika ubao wenye jina mpaka mkono umekufa ganzi, na wazungu wote wanapita tu. Susan akaona afadhali ampigie mgeni mwenyewe.

Simu ikalia mstarini. Nyuma ya Kathure.

Namba arobaini na sita alikuwa amepanga mstari kama sisi, tayari kupiga makofi. Akatoa simu mfukoni, akasema haloo, na Susan akamsikia kwa masikio yote mawili.

Akashusha simu, akanigeukia.

"Mzee Gikunda!"

"Madam, uliniambia nitazame gari."

Limbani akamjibu Susan kabla hajanimaliza. Kinya alinitafsiria. Alisema amefanya kazi kampuni nne, na hakuna iliyompokea vizuri namna hii, kuanzia chini kabisa, kwenye gunia. Alimshukuru kwa kupanga. Nasikia kwenye ripoti Susan aliandika kwamba alipanga.

Keki ililiwa.

Kisha ikaja amri ya wenye kampuni. Kwa kuwa kampuni ni mpya, wafanyakazi wote ni wapya. Wote wapokewe kwa mpangilio. Siku tatu ukumbini, halafu mtihani wa karatasi. Asiyepita hapewi mkataba.

"Mama Gatwiri pia?" nikamuuliza Susan. Gatwiri ni binti yetu wa kwanza.

"Wote, mzee. Hata mimi. Ni haki."

"Hajui kusoma."

"Mtihani ni wa Kiswahili," akasema, kama mtu anayetoa zawadi.

Sisi walinzi tulikuwa tumeletwa na kampuni nyingine ya ulinzi, kwa hivyo hatukuhusika. Mimi ninayesoma nikaachwa. Yeye asiyesoma akaitwa.

Siku tatu akakaa ukumbini. Akaonyeshwa picha ukutani. Mlima, watu wanaoshikana mikono, mti wenye mizizi. Akaambiwa maono ya kampuni ni nini, na dhamira ni nini, na tofauti yake. Akaonyeshwa ramani ya kiwanda chenyewe, ajue choo kiko wapi. Alikuwa ameoga matope ya kuchimba shimo la hicho choo.

Jioni, tukiwa jikoni tunangoja mukimo uive, akachukua kaa, akaniambia, "Baba Gatwiri, nionyeshe."

Nikaandika K ukutani.

"Huyu anapiga mtu teke," akasema.

"Ndiye anaanza jina lako."

"Sawa sawa, basi."

Tulikuwa na siku tano. Alishika K na A. Siku ya tano alifuta ukuta kwa kitambaa, akasema, "Wakinitoa, nitarudi na kigoda changu. Hicho si cha kampuni."

Kisha akalala upande, akanigeuzia mgongo. Miaka arobaini na nne tumekaa, sikuwahi kuona mgongo huo umekunjwa hivyo.

Ijumaa wakafanya mtihani. Kiswahili chenyewe kilitoka Nairobi, na mtu aliyekiandika nadhani alikitoa mbali zaidi. Kinya aliniambia swali la tatu lilisema, "Bainisha tunu za kimsingi za taasisi." Kinya alikuwa na B ya Kiswahili. Aliandika "upendo", akapata.

Limbani pia alikuwa chumbani. Mpya ni mpya. Susan akampelekea karatasi ya Kiingereza, imechapwa kwa ajili yake peke yake. Akaitazama, akairudisha. Akaomba ile ya wengine.

Saa moja nzima Kathure alishika kalamu kama mtu aliyeshikishwa kuku wa jirani. Akaandika K. Akaandika A. Akaweka kalamu chini. Dawati la pili, Limbani akaandika jina lake, akakunja mikono.

Majibu yalisomwa saa tisa. Waliopita, sitini na moja. Walioanguka, wawili, na wote wawili sifuri.

Sheria ni sheria. Susan aliisema sauti ikimtoka vibaya, na mimi simlaumu sana. Alisema mtaalamu atapewa nafasi nyingine, kwa Kiingereza, Jumatatu. Limbani akauliza kama na mama atapewa, kwa lugha yake. Susan akasema sera haina hiyo. Limbani akagonga viganja, akashukuru, akaenda kuchukua begi.

Ndivyo nilivyowaona wakija kwangu. Kathure mbele, kigoda kichwani. Limbani nyuma, begi dogo, na aproni namba arobaini na sita ameikunja vizuri. Akanipa. Nikaipokea kwa mikono miwili, nimejifunza.

"Fungua geti, Baba Gatwiri," mke wangu akasema.

Geti ni kazi yangu. Nikatafuta ufunguo. Ulikuwa shingoni, mahali pake pa kila siku. Nilichelewa kidogo kuuona.

Susan akaja mbio, viatu mkononi, simu sikioni. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, na sauti yake ilikuwa inasikika bila simu. Kibali cha yule mtu kuingia kufanya kazi kilichukua miezi saba. Wanunuzi wa ng'ambo walisaini kwa sababu ya jina lake. Na sasa ameanguka mtihani wa kujua choo kiko wapi?

"Mwambie arudi!" Susan akamwambia Kinya, ambaye alikuwa amekuja kutazama, kama wote.

Kinya akamwambia. Limbani akajibu, na Kinya akacheka kabla ya kutafsiri.

"Anasema hajui kazi, madam. Karatasi imesema. Anasema aliyemfundisha pia hajui, kwa hivyo alifundishwa vibaya, na hawezi kusimamia ubora."

"Anafanya mzaha?"

"Hapana, madam. Anasema ni haki."

Kathure akatua kigoda, akakalia, hapo hapo getini. Limbani akaketi chini, kwenye mawe yaliyopakwa chokaa kwa ajili yake. Kathure akafungua mtungi, akammiminia. Akamwangalia akinywa mpaka mwisho.

"Kinya," akasema, "mwambie amepata mwenzake. Sisi ni rika. Rika la Karatasi Tupu."

Na Limbani akainuka, akainama, akarudi kuketi.

Mkurugenzi akafika saa kumi na moja na gari lake. Hilo sikulisimamisha. Akauliza mtihani mwingine unaowezekana ni upi. Kathure hakuwa akiongea na Kiswahili cha mkurugenzi. Akanyoosha mkono tu, akaonyesha gunia.

Beseni likaletwa, limepangwa na wanawake wa meza. Kokwa kumi, tatu mbaya. Uzitoe mbaya, halafu zote zinavunjwa kwa nyundo mbele ya watu. Susan akaanza. Alitoa tatu nzuri sana. Mkurugenzi akapata moja, akasema ni baridi. Limbani akapata mbili, akachapwa kidole na kila mtu akaona. Kathure hakuketi vizuri hata. Tikisa, tupa. Tikisa, tupa. Nyundo ikathibitisha. Wakamwekea beseni jingine, wakidhani ni bahati. Akauliza kama mbaya ni tatu tena, maana yeye anahesabu nne. Walikuwa wameweka tatu. Nyundo ikasema nne.

Mkurugenzi akasema karatasi ziandikwe upya. Kathure akabeba kigoda akarudi ndani. Alinipita bila kunitazama, lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

Nilimuuliza Limbani baadaye, Kiswahili chake kiliposimama, kwa nini aliirudisha karatasi ya Kiingereza. Akasema macho yake yalikuwa na kazi. Sijui nani alimfundisha hilo. Najua.

Kathure alikaa juu ya kile kigoda miezi mitano zaidi. Agosti akaanza kuumwa tumbo. Hospitali walisema walichosema. Wiki sita.

Siku ya kumzika, Susan alisoma rambirambi za kampuni. Alisoma kwamba marehemu alipokewa kazini rasmi na kwa mafanikio mwaka huu. Watu wa Muthara wakatazamana. Nikaona Limbani amesimama kando, hajui aende wapi, wageni hawapangiwi mahali kwenye kaburi. Nikampa sepetu. Nikamwambia rika ndio wanarudisha udongo. Alifanya kazi hiyo akiwa na suti, hakumpokeza mtu mpaka wazee wakamnyang'anya.

Wiki iliyofuata Susan akaniletea fomu. Kumbe kuna mpangilio wa kuondoka pia. Aproni, imerudishwa. Kitambulisho, kimerudishwa. Kiti, na mbele yake nafasi tupu.

"Kigoda ni chako, mzee," Susan akasema. "Naweza kukuletea."

Nilifikiri. Nyumbani kingekaa na kunitazama.

"Andika kiko kazini."

Akaandika. Akakaa na ile fomu mkononi, akaanza kulia, mpangilio ukaharibika.

Sasa kuna sheria mpya, imetiwa plastiki, imetundikwa kwangu kwenye geti. Yeyote anayeanza kazi hapa, awe mtaalamu, awe wa nje, awe mtoto wa mkurugenzi, siku ya kwanza anaenda foleni ya vibarua, halafu mezani, kwenye kigoda. Wiki jana nilipeleka Mholanzi. Alikuja na gari. Nikamwambia ashuke. Kosa langu limekuwa sera, na hakuna aliyenipandisha cheo.

Mimi nilirudi kazini baada ya siku kumi. Ile asubuhi nilifungua geti, nikaketi. Kinya akatoka ndani, amebeba mtungi ule wa plastiki na kikombe.

"Mimi si mpya," nikamwambia.

"Kunywa, guka."

"Niko hapa tangu hujazaliwa."

Hakubishana. Alisimama tu, kikombe amekinyoosha, na hakuniuliza kitu. Huwa hawaulizi mpaka unywe.

Ulikuwa mchachu kupita kiasi. Kinya hajui kupima siku, anauacha mno. Nitamwambia, mimi ni mkubwa kwake.

Nilimaliza.